Kununua sampla ya zamani Nairobi: anza na diski, malizia na sauti

Prodyusa anayetafuta sampla ya zamani, ile mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvicheza tena, kwa kawaida huuliza kwanza ni ipi yenye sauti nzito. Swali ni zuri, ila likitangulia mengine linaweza kukuletea mashine usiyoweza kuiwasha wala kuhifadhi kazi ndani yake. Sampla nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hazikumbuki chochote zikizimwa. Sampuli zote, yaani vipande vya sauti ulivyorekodi, hukaa kwenye memori inayofutika mara tu stima inapopotea, na hapa Nairobi stima hupotea bila hodi. Kwa hivyo anza na maswali mawili: mashine inahifadhi kazi kwenye nini, na inatumia volti ngapi? Ukishapata majibu, ndipo biti na filta zipate nafasi yao.

Kazi itahifadhiwa wapi

Flopi ndiyo iliyotawala kwa muda mrefu. Akai S900 ya mwaka 1986 husoma flopi za DD (za ujazo mdogo) peke yake, na S950 iliyotoka 1988 husoma DD na HD (za ujazo mkubwa). Ukiona tangazo la S900 linalojivunia flopi mpya, uliza ni za aina gani. Ya HD ina matundu mawili kwenye pembe, moja kila upande, na ya DD ina tundu moja tu. Wako wanaoziba tundu la pili kwa selotepu ili HD ijifanye DD. Siku hiyo itakubali, lakini dawa ya sumaku iliyopakwa kwenye HD si ile ya DD, na baada ya muda data huanza kutoweka. Kazi ya mteja isikae humo.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni mpangilio (format) wa diski. Akai za mfululizo wa S hutumia mpangilio wao wenyewe, 800KB kwa DD na 1.6MB kwa HD, na kompyuta ya Windows ikiisoma flopi hiyo itakwambia haijapangwa na kukuuliza kama iifute. Kataa. Akai MPC2000XL kwa upande wake hutumia mpangilio wa DOS wa 1.44MB na inasoma faili za WAV, kwa hivyo kubeba sampuli kutoka kompyuta ni kazi nyepesi zaidi.

Sampla za Ensoniq zinahitaji tahadhari ya pekee. EPS, EPS-16 Plus na ASR-10 husoma mfumo wao kutoka diski kila zinapowashwa. Bila flopi ya mfumo unabaki na kinanda kimya chenye taa. Muuzaji akikwambia mashine ni nzima ila flopi ilipotea, huna namna ya kuipima, na bei unayotaja iwe ile ya mashine mbovu.

Juu ya flopi kuna SCSI, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa vya kuhifadhia, iliyo kwenye MPC2000XL, S2000, S3000XL na nyingi za rika hilo. Umuhimu wake unaonekana ukipiga hesabu. MPC2000XL iliyojazwa memori ya 32MB inahitaji flopi 23 ili kuhifadhi kila kitu kilichomo, na flopi moja huchukua karibu dakika nzima. Hakuna mtu atakayefanya hivyo saa sita za usiku. Kwa kifaa cha SCSI kinachotumia kadi ya SD, kama ZuluSCSI, BlueSCSI au SCSI2SD, shida hiyo inaisha. Zingatia mambo matatu. Kila kifaa kwenye mnyororo kiwe na namba yake kati ya 0 na 7, isiyogongana na nyingine. Ncha zote mbili za mnyororo ziwe zimefungwa kwa terminesheni (kifunga ncha). Na ile soketi ya pini 25 iliyo nyuma ya sampla, hata kama inafanana kabisa na soketi ya printa kwenye kompyuta za zamani, usiunganishe viwili hivyo, utaunguza kimoja au vyote.

SmartMedia ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa mnunuzi wa leo. Boss SP-303 ya 2001 na Korg Electribe ES-1 ya 2000 hutumia kadi hizo nyembamba ambazo hazitengenezwi tena. Zilikuwepo za 3.3V na za 5V, na hazibadilishani. SP-303 inataka ya 3.3V isiyozidi 64MB. Usiipange kadi hiyo kwenye kompyuta, maana ikipangwa vibaya sampla hukataa kuitambua kabisa. Kama mashine haiji na kadi uliyoiona kwa macho yako ikihifadhi na kusoma, iache.

Roland SP-404 ya 2005 na Akai MPC1000 ya 2003 zinatumia kadi ya CompactFlash, na SP-404SX ya 2009 inatumia SD. Kadi ya SD unaipata kwenye duka lolote la simu Luthuli Avenue. Kwa CompactFlash utazunguka kidogo, na ukiipata chagua ndogo: SP-404 ya kwanza haivuki 1GB, na kwa MPC1000 kadi ya 2GB inatosha kabisa.

Kubadilisha diski ya flopi kwa Gotek

Hii ndiyo marekebisho inayorudisha uhai kwa mashine nyingi kuliko nyingine yoyote, na fundi yeyote wa redio mwenye mkono mtulivu anaiweza. Gotek ni kisanduku cha ukubwa ule ule wa diski ya flopi (kile kifaa kinachosoma flopi), ila mbele kina tundu la USB. Sampla inadhani inasoma flopi, kumbe inasoma flashi.

Chomoa waya wa stima kabisa, subiri dakika kumi, ndipo ufungue kifuniko. Piga picha ya ndani kabla ya kugusa chochote, hasa ule utepe bapa wa nyaya unaokwenda kwenye diski. Upande mmoja wa utepe una mstari mwekundu, na huo ndio upande wa pini namba 1. Hesabu pini: zikiwa 34 Gotek ya kawaida inaingia moja kwa moja, zikiwa 26 utahitaji kiunganishi cha kugeuza. Kabla ya kuchomeka plagi ndogo ya umeme yenye nyaya nne, washa mashine ikiwa wazi na upime kwa multimita: waya mwekundu kwa kawaida huwa 5V, wa manjano 12V, na nyeusi mbili ni za ardhi. Gotek inatumia ile ya 5V. Usiamini rangi bila kupima, kwa sababu mashine ya umri huu huenda ilishapita mikononi mwa mafundi kadhaa.

Gotek inayotoka dukani ina programu duni. Ibadilishe kwa FlashFloppy, ambayo ni ya bure. Kisha chukua flashi ndogo, ipange kwa FAT32, uweke faili la FF.CFG, na humo uandike host=akai kwa Akai za mfululizo wa S, au host=ensoniq kwa Ensoniq. Picha (image) tupu ya flopi ya Akai HD ni faili la baiti 1,638,400 kamili. Likipungua au kuzidi, sampla italalamika kwamba diski ni mbovu. Diski isiposoma kabisa, angalia kijumpa cha S0 na S1 kwenye Gotek, kwa kuwa makosa mengi yako hapo: mashine inatafuta diski namba 0 wakati Gotek imejitambulisha kama namba 1. Taa ikiwaka bila kuzima tangu unapowasha, utepe umechomekwa kinyume.

Hifadhi ile diski ya zamani. Siku moja utataka kusoma flopi za mwenye mashine wa kwanza, na huenda ndimo zilimo sampuli bora.

Stima

Kenya tunatumia 240V kwa 50Hz. Mashine iliyouzwa Japani inataka 100V, ya Marekani inataka 120V. Ukichomeka mojawapo moja kwa moja ukutani, fyuzi itakatika ukiwa na bahati, na usipokuwa nayo transfoma ya ndani itaungua. Soma bamba lililo nyuma ya mashine, usisome maneno ya muuzaji. Plagi haithibitishi kitu, kwa sababu watu hukata plagi ya asili na kuweka ya pini tatu.

Kwa mashine ya 100V au 120V nunua transfoma ya kushusha umeme, ile nzito ya nyaya za shaba. Viadapta vyepesi vya wasafiri vilivyotengenezwa kwa pasi na mashine za kukausha nywele havifai kwa sampla. Soma wati kwenye bamba kisha uchukue transfoma yenye uwezo maradufu au zaidi: sampla ya wati 30 ipewe ya wati 60 au 100. Tena angalia inatoa ngapi hasa, 100V au 110V, kwa kuwa nyingi zinazouzwa mjini ni za 110V. Mashine ya Japani ikilishwa 110V kila siku hupata joto kuliko ilivyopangiwa.

SP-404 na SP-404SX zinatumia adapta ya 9V yenye hasi katikati. Hapa watu wengi wanapotea. Adapta ya 9V ya router itaingia kwenye tundu bila shida, lakini nyingi kati ya hizo zina chanya katikati. Tazama mchoro mdogo wa duara uliochapwa kwenye adapta na ule ulio kwenye mashine, lazima vifanane.

Kisha weka UPS. Ile ya kawaida ya kompyuta ya 650VA inatosha sampla, skrini na kadi ya sauti kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Kwa sampla inayofutika ikizimwa, UPS ni sehemu ya bei ya mashine na uiingize kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukiweza, chagua inayosawazisha volti, kwani stima inaporudi huwa na mshtuko wake, na mshtuko huo ndio unaoua mashine.

Sasa sauti

Tofauti kubwa ya sampla za zamani ina sababu mbili: biti na kasi ya kurekodi. Biti 8 zinatoa ngazi 256 za sauti, biti 12 zinatoa 4,096, biti 16 zinatoa 65,536. Ngazi zikiwa chache, sauti ndogo inayofifia hupata mikwaruzo, na ngoma hupata ule ukavu ambao wapenzi wa hip-hop ya zamani wanautafuta. Kasi ya kurekodi nayo inaweka dari: mashine haiwezi kunasa mlio ulio juu ya nusu ya kasi yake. E-mu SP-1200 ya 1987 inarekodi kwa 26.04kHz, kwa hivyo kila kilicho juu ya 13kHz kinapotea.

Kwa muziki wa hapa jambo hilo lina maana yake. Besi, kiki na gitaa la benga hukaa chini ya dari hiyo, na hutoka zimekaza vizuri. Kayamba haiponi. Mchakacho wake mwingi uko juu, na kwenye SP-1200 hugeuka mchanga mzito. Nyatiti iko katikati: nyuzi zake nane hunasika vizuri sana, mlio wa pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga unapendeza ukikatwa juu, lakini gara (njuga) zinazolia mguuni hupoteza ung'avu. Kama kazi yako ni ya ala hizi, rekodi nyuzi kwenye mashine ya biti 12 na uache kayamba na gara zipite kwenye mashine ya 44.1kHz au kompyuta. Kuchanganya hivi kunasikika bora kuliko kupitisha kila kitu mahali pamoja, hata kama mashine hiyo ndiyo ghali kuliko zote studio.

S950 inastahili kusifiwa hapa. Ina biti 12, lakini kasi yake unaichagua mwenyewe, hadi 48kHz, na kila moja ya sauti zake 8 (noti zinazoweza kulia kwa pamoja) ina filta halisi ya kielektroniki inayokata milio ya juu. Chukua mstari wa besi kutoka sahani ya santuri ya zamani, ufunge filta hadi gitaa na sauti ya mwimbaji zipotee, na kinachobaki ni besi ya mviringo iliyo tayari kuwekewa ngoma juu. Filta za programu nyingi hufanya kazi hiyo, lakini hazileti uzito huo kwa wepesi huo.

Memori ipimwe kwa sekunde. Sampuli ya biti 16 kwa 44.1kHz, upande mmoja, hula baiti 88,200 kila sekunde. Kwa hivyo 2MB ni kama sekunde 24, na kwa stirio ni 12 tu. 32MB ni dakika 6 na sekunde 20 kwa upande mmoja. MPC60 ya 1988 ina sekunde 13 bila kuongezewa. SP-1200 ina 10 kwa jumla, na sampuli moja haivuki 2.5. Mapigo manne kwa mwendo wa 96 kwa dakika huchukua sekunde 2.5 kamili, kwa hivyo mdundo wa polepole kuliko huo hautoshei katika sampuli moja.

Mbinu ya kale ya kuongeza muda ni kucheza sahani ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45, kurekodi, kisha kushusha sauti ndani ya sampla kwa takriban nusu-toni 5.2. Sekunde 10 zinakuwa 13.5. Tatizo ni kwamba benga nyingi ilitoka kwenye sahani ndogo za 45, kama zile zinazouzwa Kenyatta Market, na kuziharakisha kunahitaji mashine ya sahani yenye 78, kisha kushusha nusu-toni 9.5. Kama huna yenye 78, rekodi kwenye kompyuta kwanza, harakisha huko, ndipo uingize kwenye sampla. Kila unavyoharakisha ndivyo unavyopoteza milio ya juu, kwa hivyo ifanyie ngoma na besi tu. Na ukishika sahani hizo za 45, usiishie upande wa kwanza. Wimbo mwingi wa benga uligawanywa pande mbili, na upande wa pili ndio wenye lile gitaa linalokimbia peke yake bila mwimbaji. Huko ndiko kwenye mali. Ruhusa ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi bado inahitajika kabla ya kutoa wimbo wako.

Ipi kwa nani

Anayeanza, achukue SP-404SX au MPC1000. Zote zina padi, zote zinatumia kadi inayopatikana, na MPC1000 ikiunganishwa na kompyuta kwa USB inaonekana kama flashi ya kawaida. MPC1000 za mwanzo zilijulikana kwa padi zisizo sikivu, kwa hivyo pima padi kabla ya kupima kingine. Wengi huweka mfumo mbadala wa JJOS, nao ni uboreshaji wa kweli, hasa katika kukata sampuli.

Mwenye kompyuta na kibodi ya MIDI (kinanda kinachotuma noti kwa mashine nyingine), anayetaka sauti nzito kwa bei isiyotisha, achukue S950 na kuifunga Gotek. Haina padi wala mpangaji wa midundo. Kompyuta ndiyo inayoiendesha.

S2000 mara nyingi huwa ya bei ya chini, na ina sababu: skrini yake ni ya mistari miwili ya herufi kumi na sita, na kuhariri sampuli humo kunachosha. Sauti ni safi, biti 16, na memori inaongezwa kwa vipande vya kawaida vya SIMM vya pini 72. Inamfaa mtu mvumilivu.

MPC2000XL ni ya anayetaka kufanya wimbo mzima bila kompyuta. Mpangaji wake wa midundo ni imara, na vipuri vyake bado vinapatikana mtandaoni: vitufe, padi, skrini.

SP-1200, MPC60 na MPC3000 zinafika laki kadhaa. Ni mashine tukufu, lakini usinunue kama huna fundi anayesoma michoro ya saketi, kwa sababu kuisafirisha kwenda ng'ambo kutengenezwa kutakugharimu karibu sawa na sampla nyingine. Na Casio SK-1 ya 1986, kile kinanda kidogo chenye sekunde 1.4 za biti 8, nunua ukikipata kwa bei ya mtumba. Hakina diski wala kadi, ila kina mlio ambao hakuna kingine kinautoa.

Kupima kabla ya kulipa

Zinazouzwa hapa mjini hutoka kwa studio zinazobadilisha vifaa, makanisa, na watu waliorudi kutoka nje. Matangazo yako kwenye tovuti ya Jiji na Facebook. Usitume M-Pesa ya kushikilia bei kabla ya kuiona mashine ikiwaka. Nenda mchana, omba saa nzima, na ubebe spika za masikioni zenye plagi kubwa ya 6.35mm, waya wa kutoka simu hadi jeki mbili kubwa, flopi mbili za aina inayotakiwa au kadi yako, kibodi ndogo ya MIDI na tochi.

Kabla ya kuiwasha, soma bamba la volti, mulika tochi kwenye matundu ya hewa uone kutu, na uitikise taratibu. Kitu kikigonga ndani, kifuniko kifunguliwe kwanza. Harufu ya samaki aliyeoza au ya kitu kilichoungua mara nyingi ni kapasita zilizovuja.

Ikiwaka, angalia skrini. Vioo vingi vya Akai vya wakati huo vina mwanga wa nyuma unaofifia na umri, na hutoa mlio mwembamba kama wa mbu. Hilo si kosa la kukufanya ukimbie, kwa sababu kioo kipya kinapatikana, lakini punguza bei. Mwanga huo hulishwa na volti ya juu, kwa hivyo usimsikilize mtu akishauri uuchokonoe ukiwa umewaka. Bonyeza kila kitufe mara kumi. Kitufe kinachojibu mara saba ni cha kubadilishwa, na ni kazi ya bei ndogo kama kulehemu si shida kwa fundi wako. Zungusha gurudumu la kuchagulia polepole pande zote mbili: namba zikirukaruka au kurudi nyuma, gurudumu limechakaa au limejaa vumbi.

Padi, zipige moja moja, kwa wepesi kisha kwa nguvu, ukitazama namba ya nguvu kati ya 1 na 127. Padi inayotoa 127 kila wakati au isiyojibu mguso mwepesi ina karatasi ya hisia iliyochakaa. Lakini kwanza hakikisha kile kitufe cha kutoa nguvu kamili hakijawashwa. Wengi wamekataa mashine nzima kwa sababu yake.

Sasa rekodi. Cheza mlio wa 1kHz kutoka simu, rekodi kushoto, kisha kulia. Sikiliza kama unatoka safi, bila kuvuma wala kukatika. Kuvuma kwa 50Hz kunaweza kuwa kwa waya na soketi za mle chumbani, kwa hivyo badilisha soketi kabla ya kulaumu mashine.

Kwa S900 na S950 kuna jaribio moja ambalo halipaswi kurukwa. Weka sampuli ndefu, cheza noti ile ile mara nane mfululizo, kisha urudie. Mashine hugawa noti kwa sauti zake nane kwa zamu, na kila sauti ina tundu lake la kutokea nyuma. Noti moja kati ya nane ikitoka dhaifu, ikikwaruza au isipotoka, sauti hiyo ina filta au saketi iliyokufa. Chomeka spika za masikioni kwenye tundu moja moja hadi uipate ni namba ngapi. Mashine yenye sauti moja mbovu bado inatumika, na fundi mzuri anaweza kuitengeneza, mradi bei ikubali.

Mwisho panga flopi, hifadhi sampuli, zima, subiri sekunde kumi, washa, soma tena. Fanya hivyo kwa flopi ya pili, na hasa jaribu kusoma flopi iliyoandikwa na mashine nyingine. Diski inayosoma maandishi yake yenyewe tu ina kichwa kilichohama. Iache iwake nusu saa, mpige hadithi, kisha urudie kurekodi na kusoma. Hitilafu nyingi za kapasita na solda iliyopasuka hujitokeza joto likishapanda.

Ukiagiza kutoka nje, ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli na bima, na VAT ya 16% huja juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru. Mwombe muuzaji aweke sifongo ya sentimita tano kila upande, atoe flopi halisi ndani ya diski na kuweka kadibodi au flopi isiyo na kazi ya kushikilia kichwa, na aandike volti ya mashine kwenye ankara. Mwombe pia video ya mashine ikihifadhi na kusoma, siyo ikicheza tu.

Mashine ikifika nyumbani, jambo la kwanza ni nakala: kila flopi iliyokuja nayo, hasa ya mfumo, iingie kwenye Gotek na nakala ya pili kwenye kompyuta. Kisha ifungue, upulize vumbi kwa hewa, na usafishe kichwa cha diski kwa pamba na pombe ya isopropili ya 90% au zaidi. Ikiwa bado ina betri ya sarafu ya 3V ndani, ipime. Ikiwa chini ya 2.8V ibadilishe, na kama imelehemewa, weka kishikio ili mwingine asilazimike kulehemu tena. Kisha izibie vumbi kwa kitambaa kikavu kila usiku, lakini si wakati inawaka, kwa kuwa matundu ya hewa ndiyo yanayoilinda isichemke.